Siku ya 41: kingo zimesalimu amri

Natafuta utando wa plastiki wa kupaka vyuma vya mashua visishike kutu. Leo asubuhi nimetoa vipande vitano vya bamba la chuma nilivyovipaka kwenye ndoo ya maji ya chumvi, na kimoja kimetoka hakina hata doa. Nimepiga vigelegele hadi jirani akachungulia dirishani.

Mchanganyiko ni ule ule: povu jeupe la katoni za televisheni, ambalo maduka ya hapa Kampala yanalitupa tu, limeyeyushwa kwenye thina ya rangi hadi likawa zito kama uji wa ulezi. Maji ni gramu 35 za chumvi ya mezani kwa lita, karibu sawa na bahari. Wanaonisumbua nitumie chumvi ya Ziwa Katwe: ile ina magadi, na magadi hupunguza kasi ya kutu. Ningejidanganya bure. Vyuma vyenyewe nanunua Katwe, ila ni Katwe ya mafundi, mtaa wa hapa Kampala.

Mwezi mzima adui amekuwa ukingo. Uso wa bamba unang'aa kama kioo, lakini pale msumeno ulipopita unajitokeza mstari mwembamba wa rangi ya chai. Kesho yake utando umevimba, ukiugusa kwa ukucha unabanduka kama utando wa maziwa. Nililaumu thina. Nikalaumu mvua. Nikapaka tabaka nne, ikawa vile vile.

Ukweli niliupata kwa mita: betri ya volti 9, waya mmoja kwenye chuma kitupu, mwingine kwenye sponji yenye maji ya chumvi, unapitisha taratibu. Usoni, mshale umelala. Ukingoni, unaruka: umeme unapita, pana tundu! Kumbe plastiki ikikauka hujivuta na kukimbia ncha kali, inabaki nyembamba mno. (Mita ya mshale, tafadhali. Ile ya tarakimu inahesabu hesabu zake huku tundu limeshapita.)

Basi nikashika tupa, nikaviringisha ukingo hadi kidole kikateleza bila kukwama. Nikapaka kingo peke yake kwanza, nikaacha zilale usiku kucha, ndipo nikapaka kipande kizima mara mbili. Asetoni, kiyeyushi kingine kama thina, nimeiacha kabisa: inakauka mbio, na kwa unyevu wa msimu huu utando unageuka mweupe kama ukungu.

Wiki hii nilipanga kulinganisha na rangi nyekundu ya dukani ya kuzuia kutu. Sijaigusa. Jana tochi ilizima, nikapasua betri yake, zile za bei rahisi, nikakumbuka kwamba gamba lake ni zinki. Utando ukichubuliwa na kamba ya nanga, chuma kinabaki uchi. Zinki ikiunganishwa nacho majini huliwa yenyewe kwanza.

Nimekwaruza vipande viwili kwa msumari. Kimoja nimekifunga gamba kwa waya, kingine nimekiacha hivyo hivyo, kila kimoja na jagi lake. Sasa ni saa nne usiku. Kisicho na gamba kimeshaanza rangi ya chai mkwaruzoni. Chenzake bado kinang'aa. Shemeji wa Mombasa amepiga simu mara mbili kuulizia vyuma vya kushikia injini ya mashua yake. Sijapokea.