Siku Moja Maishani Mwangu: Kijiti Juu ya Daraja

Saa 10:30 alfajiri. Nakula kabla njaa haijabisha hodi: matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, chai ya rangi yenye sukari ya kutosha, maji. Basi. Siku ya mbio tumbo halifanyiwi majaribio.

Saa 12:15. Viwanja vya Furahisha, Mwanza, giza halijaisha. Leo ni mbio za kupokezana kijiti hadi Sengerema, watu sita kila timu. Kijiti chetu ni kipande cha mpini wa jembe kilichovishwa mpira wa tyubu ya baiskeli kisije kikateleza kwa jasho. Anayeanza ni dada mmoja mkimya, na amebebeshwa vilima vyote vya kutokea mjini: Mkuyuni, Nyegezi, hadi kuikaribia Buhongwa. Kwangu mimi hicho ndicho kipande kigumu kuliko vyote. Filimbi inalia, anaondoka, sisi wengine tunakimbilia haisi.

Saa 1:50. Nimeshushwa kando ya barabara ya Kigongo, nisubiri kipande changu, cha tatu. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na anayetazama mbio kwa mbali hawezi kuiona. Ukikimbia peke yako unajua utaanza saa ngapi. Kwenye kupokezana unaanza mwenzako akifika, awahi au achelewe. Ukipasha misuli mapema mno utapoa. Ukichelewa utapokea kijiti miguu ikiwa mizito. Simu inaita kutoka Usagara: "Kaka, kapita sasa hivi, wa tano, anapumua vizuri." Navua koti, naanza kukimbia taratibu, kwenda na kurudi. Dakika ishirini baadaye narusha miguu mara nne tano kwa kasi, natulia, nakunywa funda moja tu la maji.

Saa 2:35. Namwona mwenzangu wa kipande cha pili. Eneo la kupokezana ni mita 20, kumi kabla ya mstari na kumi baada yake, na kijiti lazima kibadilishe mikono humo humo. Naanza kusogea huku nikimtazama juu ya bega langu. "Shika!" Mpira umelowa jasho lake, una joto. Nauhamishia mkono wa kulia na kuondoka.

Hatari iko kilomita ya kwanza. Umepumzika asubuhi nzima, watu wanakushangilia, na miguu inataka kufidia kila sekunde mara moja. Mwalimu wetu hutuambia kila mazoezi tukimbie vipande vyetu, tusikimbie vya wenzetu. Najizuia.

Kisha daraja. Kigongo hadi Busisi ni kama kilomita 3 juu ya Ziwa Victoria. Kabla halijafunguliwa Juni 2025 hapa ilikuwa kusubiri kivuko, halafu zaidi ya nusu saa majini. Nililivuka kwa gari mara nyingi bila kuhisi kwamba linapanda kuelekea katikati. Kwa miguu unalihisi mapajani. Hakuna mti, hakuna nyumba, upepo unakuja ubavuni kutoka upande wa ziwa kuu, jua liko mgongoni na kivuli changu kimetangulia mbele. Nguzo tatu ndefu zinazoshika nyaya ndizo vipimo vyangu: napanda kwa hatua fupi hadi ya kati, kisha naachia. Hapo ndipo nampata kijana wa timu iliyokuwa ya nne. Tunakwenda sambamba bila kusemeshana mpaka lami inapoikuta nchi kavu.

Saa 3:10. Busisi imebaki nyuma, na wa kipande cha nne ameshanyoosha mkono. Wengi hupunguza mwendo hapa kwa kuona kazi imekwisha. Mimi siwezi tena, tangu nilipomwona Alphonce Simbu akichukua dhahabu ya marathoni ya dunia Tokyo, Septemba 2025, kwa tofauti ya sekunde 0.03. Nakimbia hadi mkononi mwa mwenzangu. "Nenda!" Kijana yule anafika nyuma yangu kwa hatua chache.

Mchana. Timu imemaliza ya tatu. Aliyefunga mbio amelala kwenye nyasi Sengerema na kijiti kifuani, hataki kumpa mtu.

Saa 10 jioni. Tumerudi Busisi, tunakula sato na ugali wa udaga, unga wa muhogo, na ubishi umeshaanza: mwakani nani akimbie wapi. Mwalimu ananitaka kipande cha kwanza, cha vilima. Nimeomba daraja. Dada naye amelitaka, na kwa alichokifanya asubuhi, ana haki ya kuchagua kabla yangu.