Pitia tu

Tangu Jumanne kuna kineno kimenikwama kooni kama mwiba wa changu, na chenyewe kina herufi mbili. Tu.

Mnamjua yule kijana anayenitumia kazi, yule wa shikamoo dada hata kwenye meseji. Kapiga asubuhi, mimi bado nachemsha maziwa, akasema, "Dada, nimekutumia faili, nyepesi hiyo, mashine ishatafsiri kila kitu, wewe pitia tu." Nikauliza, na bei? "Bei ya kupitia, dada, kama nusu hivi, si unajua siku hizi." Na mimi, miaka 14 kwenye hii kazi ya kutafsiri, nikajibu "sawa, hamna shida." Hamna shida! Nimeirudia hiyo simu kichwani wakati nafua, nikiwa kwenye daladala, hata Jumamosi kwenye sendofu ya mdogo wangu, MC anaita familia tukamtunze bibi harusi, mimi nimesimama na elfu kumi mkononi natunga jibu. Mara nimjibu kwa ukali, mara kwa utani. Majibu mazuri yote yanakuja simu ikishakatwa.

Faili lenyewe ni karatasi ya maelezo ya dawa. Nakiri nililifungua nikitafuta makosa kwa hamu, kama mama mkwe anayekagua jiko la mkamwana. Na aya tatu za mwanzo sikupata kitu, Kiswahili kimenyooka, ngeli ziko sawa, nikaanza kunywea. Halafu nikafika kwenye muda wa kumeza. Kiingereza kimeweka 8 ya usiku wa mapema, ule wa taarifa ya habari. Mashine imeandika "saa 8 usiku". Jamani. Saa 8 usiku ni saa ya wanga, mgonjwa gani ataamka kumeza kidonge saa hizo? Sisi saa tunaanza kuzihesabu jua likichomoza, na likizama tunaanza upya, kwa hiyo hiyo ni saa 2 usiku, mtoto wa darasa la pili anajua. Na dozi ya asubuhi imewekwa "saa 7 asubuhi", saa ambayo kwetu haipo kabisa. Nikacheka peke yangu mpaka mtoto akaja kuchungulia mlangoni. Nikarekebisha zote, nikaandika pembeni maelezo marefu kuliko hela yenyewe, nikatuma, nikajiona mtu.

Kijana akajibu hapohapo: "Safi sana dada, tunaiongeza kwenye mfumo isirudie."

Isirudie. Nilidhani nimeikamata mashine kumbe nimeipa tuisheni, tena kwa nusu bei.

Sasa cha ajabu hapo ndipo hasira ilipokata, sijui kwa nini, likaja swali badala yake. Hivi kama nisingekuwa nalipwa kabisa, kuna kitu ningetafsiri? Mwalimu Nyerere alimtafsiri Shakespeare akiwa rais wa nchi, Mabepari wa Venisi ikatoka 1969, na mtu mwenye kazi ile sidhani kama alikuwa anakaa kuhesabu maneno apige mara bei. Halafu jina la Kiingereza linasema mfanyabiashara wa Venisi, yeye mfanyabiashara wa watu akamfanya bepari! Ukubali usikubali, neno lile halikupatikana kwa kupitia tu.

Mimi nina lile daftari, mnalijua, la maneno ya jahazi niliyokuwa nachukua kwa Mzee kule Bagamoyo. Nimelitoa chini ya nguo. Ukurasa wa mwisho una foromali, ngama, demani, joshi, na mbele ya joshi nimeandika "muulize tena Mzee, kamba inafungwa upande gani." Tarehe ni ya mwaka juzi. Mwaka juzi, na wala siyo mashine iliyonizuia kumuuliza, nilikuwa bize na kazi za malipo kwa neno, hizohizo ninazozililia leo. Mzee mwenyewe siku hizi anasikia sikio moja na akianza habari za safari ya Pemba haachi mpaka atie nanga.

Nikampigia jana jioni. Nikamuuliza joshi, nikarudia kwa kupiga kelele, majirani wote sasa wanajua naulizia joshi. Akakaa kimya kidogo akasema, "Mwanangu, joshi haielezwi kwa simu. Njoo uishike."

Basi naenda Jumapili, ila ufunguo wa geti uonekane kwanza. Siku ya sendofu nyumba ilijaa watu, wengine hata siwajui wa upande gani, na toka siku ile ule wa akiba haupo kwenye msumari. Nimepekua mpaka kwenye ndoo ya unga. Mtoto anaapa hajaugusa. Jana usiku mbwa wa jirani kabweka mara tatu akanyamaza ghafla, nikatoka na tochi ya simu kuangalia komeo, lilikuwa limefungwa, lakini usingizi haukurudi.