Mbuzi wa Krismasi

Nimerudi kwetu Marangu, Kilimanjaro, moja kwa moja. Wanaoniuliza nini kimenishtua baada ya miaka yote ile Leicester, Uingereza, wanategemea niseme barabara, bei ya vitu, au watoto wa jirani niliowaacha wanatambaa na sasa wana ndevu. Hayo niliyatarajia. Kilichonipa shida ni mbuzi.

Nilipofika alikuwa bandani tayari, beberu mweupe mwenye doa la kahawia shingoni. Kaka alimnunua Himo akiwa mdogo, akahasiwa mapema, maana beberu asiyehasiwa ananuka na hanoni vizuri. Kila mtu pale nyumbani alijua anangojewa tarehe 25 Desemba, ukoo ukishapanda kutoka Dar na Arusha. Hata mimi nilijua. Mchango wa kumnunua niliutuma mwenyewe.

Huku kwetu mbuzi haendi malishoni. Vihamba, yaani mashamba yanayozunguka nyumba, vimebanana, ukimfungulia atamaliza mboga za jirani kabla hujavaa ndala, jioni unaitwa kwa balozi wa nyumba kumi. Basi anakaa juu ya sakafu ya mbao iliyoinuliwa, samadi inadondoka chini na kupelekwa kwenye migomba, na chakula kinamfuata: majani ya mgomba, shina lake lililokatwakatwa, matete, na pumba ukiwa na hela. Zamani wazee walilala na mifugo nyumba moja, ile ya msonge. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba mtu wa kijijini hajali mnyama. Anamjali kuliko anavyojali mgongo wake mwenyewe, uliza akina mama wanaopanda mlima na mizigo ya majani kichwani.

Mama magoti yanamsumbua, nikachukua mimi kazi ya majani. Haikupita muda mbuzi akanijua kwa hatua. Nikikunja tu kona ya ua wa masale anaanza kulia, miguu ya mbele keshaipandisha kwenye fito. Chumvi alilambia kiganjani mwangu, ulimi unakwaruza kama msasa, akimaliza anashika mkono wa sweta kwa meno na kuuvuta taratibu. Nikaanza kumpelekea maganda ya ndizi mbivu kisirisiri, na mama akawa anajifanya haoni.

Desemba ilipoingia nikajaribu: "Mama, huyu si tumwache, tununue nyama?"

Hakucheka. "Mwanangu, wale kuku uliokuwa unakula huko Uingereza, walikuwa hawana macho?"

Sikuwa na jibu. Kule kuku wangu alitoka kwenye trei ya plastiki, minofu mitupu, na sikuwahi kujiuliza alikuwa na rangi gani.

Siku yenyewe mama aliamka gizani, akaenda bandani na chumvi, kisha akaondoka kwenda ibada ya kwanza, yeye ambaye siku zote ni mtu wa ibada ya pili. Mdogo wangu akaninong'oneza kwamba ndivyo afanyavyo kila mwaka; akirudi anakuta ngozi imeshaanikwa.

Mimi nilibaki. Majani ya mgomba yalitandikwa nyuma ya nyumba, mjomba ana mkono mwepesi, na damu ilikingwa kwenye sufuria huku ikikorogwa isigande, ya kisusio, ile supu yetu ya damu. Hapo nilivumilia. Tumbo lilipopasuliwa ndipo nikaona matete niliyoyakata jana yake kwa panga langu, mengine bado mabichi kabisa. Nikasogea pembeni kidogo, watoto wakanicheka.

Halafu nilikula. Nilianza na kisusio, nikarudi kwa mbavu. Ilikuwa tamu, na sitasema vingine ili nionekane mwenye huruma. Kidari kilishapelekwa kwa baba mkubwa. Mama alikula ndizi na maharage, akasingizia meno, na hakuna aliyembishia.

Januari kaka akaandika kwenye grupu la familia la WhatsApp kwamba mwakani tupunguze usumbufu, tuchukue kilo kadhaa buchani. Mama akamwita mjukuu amwandikie jibu: "Wa buchani amelishwa na nani?" Hapo mazungumzo yakahamia kwenye ada za shule.

Mwingine ameshaletwa, mweusi, bado anaogopa watu. Majani nakata mimi.