Mshahara wa Mtafuta Ufadhili Hutoka Fungu Gani? Uzoefu Wangu Nairobi

Niliingia katika kazi hii kama wengi wanavyoingia. Nilikuwa msaidizi wa mradi katika shirika la elimu lenye ofisi Kilimani na shughuli zake katika mtaa wa mabanda wa Mukuru, nikaombwa kusaidia kuandika maombi ya ruzuku, na baada ya muda nikapewa cheo cha afisa wa uhamasishaji rasilimali, yaani mtafuta ufadhili, kwa shilingi 75,000 kwa mwezi na mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Kila mkataba ulipokaribia kwisha nilielezwa kwamba hakuna fedha za kuniongeza, ilhali maombi niliyoyaandika yalikuwa yameleta vitabu, kompyuta na mishahara ya walimu.

Sababu niliiona nilipoketi na mhasibu wetu tukaisoma bajeti mstari kwa mstari. Kanuni za ruzuku za serikali ya Marekani haziruhusu gharama za uchangishaji fedha kutozwa kwenye ruzuku, na kazi ya kuandika maombi kwa kawaida huhesabiwa miongoni mwa gharama za uendeshaji, yaani zile za shirika zima zisizo za mradi mmoja. Kwa shirika ambalo halijakubaliana na serikali hiyo kiwango maalumu cha gharama hizo, fungu lake lilikuwa asilimia 10 ya gharama za moja kwa moja za mradi zinazohesabiwa, hadi lilipopandishwa kuwa 15 kuanzia Oktoba 2024. Umoja wa Ulaya, katika ruzuku zake za misaada ya nje, kwa kawaida hauvuki asilimia 7. Humo ndimo zinamotoka kodi ya ofisi, umeme, ada ya mkaguzi wa hesabu, sehemu ya mshahara wa mkurugenzi, na mshahara wa mtu kama mimi. Mwalimu wa mradi analipwa na mradi, lakini aliyeutafutia mradi fedha anasubiri kitakachobaki. Tangu siku hiyo niliacha kubishania cheo, nikaanza kutafuta fedha zisizofungwa kwenye mradi wowote.

Fedha hizo nilizitafuta hapahapa nchini. Wakenya hawahitaji kufundishwa kuchanga: kila wiki tunatuma michango ya hospitali, karo na mazishi kwa M-Pesa, na mwaka 2011 kampeni ya Kenyans for Kenya ilikusanya mamia ya mamilioni ya shilingi kwa ajili ya waliokumbwa na njaa. Hata hivyo, tunamchangia mtu tunayemjua, na shirika hatulijui. Kwa hiyo nilianza na waliotujua, yaani wazazi, wanafunzi wetu wa zamani na wenye biashara za Industrial Area, ambao ni majirani wa Mukuru, nikawaomba kiasi kidogo cha kila mwezi kupitia Paybill, namba yetu ya kupokea malipo ya M-Pesa. Kila mwanzo wa mwezi niliwapelekea hesabu ya kilichoingia na kilichotumika, hata mwezi ambao kilichoingia kilikuwa haba, na ninaamini hesabu hizo ziliwashawishi watu kuliko picha yoyote ya mtoto. Mapema kabisa niliiomba bodi iamue kwa maandishi kwamba mapato hayo yatakuwa ya shirika zima, na kwamba sehemu yake italipia nafasi ya uhamasishaji rasilimali.

Wakati huohuo shirika jingine liliniahidi asilimia 10 ya kila fedha nitakayoleta, bila mshahara. Nilikataa, na ningemsihi kila kijana wa fani hii akatae. Maadili ya Chama cha Wataalamu wa Uchangishaji Fedha cha Marekani, yanayofuatwa na wengi hata nje ya nchi hiyo, yanakataza malipo ya asilimia, ingawa yanaruhusu bonasi isiyopimwa kwa asilimia ya michango. Anayetoa fedha za madawati hakutoa ili sehemu ya kumi iingie mfukoni mwangu. Isitoshe, ruzuku kubwa inaweza kuchukua mwaka mzima tangu mazungumzo ya kwanza hadi fedha kuingia benki, na mwenye nyumba hasubiri mwaka.

Mapato ya ndani yalipokuwa yametulia, nilimwendea mkurugenzi na karatasi moja iliyoonyesha kiasi kilichoingia, gharama ya kukipata, na mshahara ambao fedha hizo zingeweza kuubeba bila kugusa mradi. Nilimwambia, "Mama, siombi fedha za watoto, naomba sehemu ya fedha ambazo bodi ilizitenga kwa kazi hii." Tulikubaliana shilingi 160,000, mkataba wa miaka miwili na kiinua mgongo.

Agizo la Rais wa Marekani la 20 Januari 2025 liliposimamisha misaada ya nje ya Marekani, mradi wetu uliotegemea fedha hizo ulisimama, na wenzangu hodari kuliko mimi walirudishwa nyumbani. Nafasi yangu ilibaki. Hilo bado linanihuzunisha, na ndiyo sababu sasa ninajitahidi walimu wawili walipwe kutoka mapato ya ndani.

Anayekwenda kwenye usaili wa kazi hii aulize ni sehemu gani ya mapato ya shirika isiyofungwa kwenye mradi, aliyemtangulia alikaa muda gani, na kama mkurugenzi mwenyewe huenda kuonana na wafadhili. Akipewa mkataba wa mshauri badala ya ajira, akumbuke kwamba asilimia 5 inayokatwa na mlipaji si kodi yote anayodaiwa, na kwamba kiinua mgongo na likizo ya malipo havitakuwamo ila akiviombea thamani yake katika ada anayoitaja siku hiyo.