Nilivyozipata riwaya zote sita za Kezilahabi

Jamani nimemaliza! Riwaya zote sita za Euphrase Kezilahabi, mwandishi wetu wa Tanzania, zipo kwangu, za karatasi kabisa, na nawasimulia maana ushauri niliopewa ulikuwa wa hovyo. Kila mtu, "si ushushe PDF tu". Nikashusha. Imepigwa picha kwa simu, dole gumba la mtu limefunika mistari, kurasa nyingine ziko kichwa chini, nikavumilia usiku kucha, na pale mambo yalipokolea nakuta kurasa kadhaa hazipo kabisa, sasa Kezilahabi ukimruka hivyo si umeshapotea? Nilikasirika kwelikweli. Wengine wakasema nenda duka la vitabu. Nilikoenda, ukitaja riwaya unaulizwa ya kidato cha ngapi. Wachapishaji wetu wengi wanafuata mtaala, kitabu kikitolewa kwenye mtaala ndio basi tena, na hili linaniuma.

Kilichonisaidia ni kufuata mchapishaji badala ya kuuliza jina la kitabu tu. Rosa Mistika ya 1971 na Dunia Uwanja wa Fujo ya 1975 zilitolewa na East African Literature Bureau, Nairobi, shirika la Jumuiya ya Afrika Mashariki ile iliyovunjika 1977, kule Kenya likarithiwa na Kenya Literature Bureau. Kichwamaji ya 1974 nayo ya Nairobi, ila mchapishaji wake, East African Publishing House, alishakufa. Kwa hiyo nikamwagiza binamu yangu aliye Nairobi, zikaja na basi, mzigo ni elfu chache tu.

Ila mbinu ninayojivunia ni walimu wastaafu, wale waliofundisha Kiswahili miaka ya 80. Ukifika usitaje kununua. Shikamoo mwalimu, kaa, kunywa chai, muulize riwaya alikuwa anaifundishaje. Hatavumilia, atainuka mwenyewe akafungue kabati akuonyeshe kifungu! Mmoja alinitolea Gamba la Nyoka, ile iliyochapwa Arusha 1979, pembeni imejaa kalamu nyekundu, akasoma kwa sauti mpaka mkewe akaja kusikiliza, mwisho akasema chukua mwanangu, hela sitaki, ila ukimaliza urudi tubishane. Nikarudi, tukabishana mpaka magharibi juu ya vijiji vya ujamaa, maana yeye enzi zile alihamishwa na mimi hata sijazaliwa.

Nagona na Mzingile ndizo zilinitesa. Ni za 1990 na 1991, za Dar es Salaam University Press, na ni vijitabu vyembamba mno, kwenye lundo la wauza vitabu wa barabarani pale Posta, Dar, ubavu wake hauuoni, hata muuzaji mwenyewe hajui kama anavyo. Usimuulize. Omba ruhusa, chuchumaa, pangua lundo lote mpaka chini, kisha umpangie vizuri kama ulivyokuta, mimi sasa hivi akiona kitu cha zamani ananipigia simu kabla hajakitandaza.