Ninavyojilinda kisheria ninapouza samaki wa makopo

Mteja akirudisha kopo lililovimba, jibu la "limetoka hivyo kiwandani" halimwokoi muuzaji. Katika nchi nyingi zilizorithi sheria ya mauzo ya Uingereza, mkataba ni kati ya mnunuzi na duka, na chakula lazima kifae kuliwa hata kama muuzaji hakuweza kuona kilichomo. Mlaji anaweza pia kukishtaki kiwanda kwa uzembe. Njia hiyo ilifunguliwa na kesi ya Donoghue dhidi ya Stevenson, mwaka 1932. Basi namrudishia mteja pesa zake kwanza, halafu namgeukia msambazaji.

Dai langu kwa msambazaji hushinda au hufa kwenye kumbukumbu za mapokezi. Kando ya namba ya ankara naandika namba ya bechi (makopo yaliyotengenezwa kwa mkupuo mmoja) iliyopigwa kwenye kifuniko cha kopo. Ya kwenye katoni haitoshi: katoni hutupwa, makopo yakachanganyika rafuni, na msambazaji akakana kuwa mzigo ni wake.

Wakati huohuo napitisha kidole kwenye mshono wa kopo. Kopo lililobonyea kidogo ubavuni napokea. Lililobonyea mshononi nakataa, kwa kuwa bakteria hupenya kwenye upenyo usioonekana kwa macho. Birmingham, Uingereza, mwaka 1978, kopo moja la samaki aina ya salmoni lenye tundu liliwapa watu wanne botulizimu, ugonjwa wa sumu ya bakteria inayopooza mwili, wawili wakafa. Kutu ya kufutika kwa kitambaa haina neno. Iliyochimba bati natoa. Kopo ambalo kifuniko chake hubonyea na kurudi kwa mlio natoa pia, na silionji kamwe, maana sumu ya botulizimu haina harufu.

Kinachosumbua zaidi ni histamini, kemikali inayoleta dalili kama za mzio. Mtu anakula jodari au vibua, muda mfupi baadaye uso unamwiva na ngozi inawasha, ilhali kopo lilikuwa zima kabisa. Samaki alikaa kwenye joto kabla ya kufungwa, na joto la kiwandani haliiondoi histamini ikishajitengeneza. Kiwango cha Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, ni kisichozidi miligramu 200 kwa kilo. Kopo lililofunguliwa ni ushahidi dhaifu, kwani huenda lililala nje ya friji nyumbani kwa mteja. Kwa hiyo nahifadhi makopo ambayo hayajafunguliwa ya bechi ileile kwa ajili ya maabara.

Malalamiko yakifika, bechi nzima hushuka rafuni siku hiyohiyo, naifunga na kuiandika "HAIUZWI", kisha namwarifu afisa afya na msambazaji kwa maandishi. Mteja nampa pole, ila sisaini karatasi inayotaja chanzo kabla ya majibu ya maabara.

Sheria nyingi za chakula hazihitaji nia mbaya ithibitishwe. Utetezi uliopo ni kuonyesha kwamba ulichukua tahadhari zote zinazostahili. Ukiuza hata kopo moja la bechi hiyo baada ya malalamiko, utetezi huo umeuzika nao, na kushusha bei hakubadilishi kitu.