Kifua cha majimoto si kifua kitupu

Okota majimoto mmoja, yule sisimizi wa kwenye mkorosho, mzamishe kwenye spiriti, kisha mlaze ubavu umtazame kwa lenzi ya mara 10. Shuleni tulifundishwa kichwa, kifua, tumbo. Sasa hesabu kwa kufuata miguu, usifuate kiuno.

Kifua cha mdudu kina pingili (vipande vya mwili vilivyopangana) 3, kila moja na jozi yake ya miguu. Kwa majimoto, nyuma ya jozi ya tatu na kabla ya kiuno kuna kipande kisicho na mguu, chenye tundu la kupumulia kila upande. Hicho ni pingili ya kwanza ya tumbo, iliyosogea mbele ikagandana na kifua. Wataalamu wanaiita propodeo. Kwa hiyo kiuno kinabana kati ya pingili ya kwanza na ya pili ya tumbo. Nyigu wa udongo, yule mwenye kiuno kama uzi, naye yuko hivyohivyo.

Nyigu-msumeno (mabuu yake meusi hula kabichi) hana kiuno kabisa: tumbo limeungana na kifua kwa upana wake wote. Mgongoni mwa pingili ya tatu ya kifua, wengi wao wana vidoa viwili vya kukwaruza, vinavyoshika mabawa ya mbele yakikunjwa. Kwa nyigu wa kiuno na sisimizi usivitafute.

Utamu uko kwa sisimizi vibarua, wale wafanyakazi wa kundi. Kwa nyigu, pingili ya kati ya kifua ndiyo kubwa, kwa kuwa imebeba misuli ya kurukia. Kibarua haruki: kwake ya kwanza ndiyo iliyonenepa, ikibeba misuli ya shingo inayonyanyua mizigo. Kwa majimoto ile ya kati imebonyea hasa, hata wanaoanza huidhani kiuno. Kiuno halisi kiko nyuma zaidi na kina kinundu kimoja. Malkia, hata akishaangusha mabawa, bado ana pingili ya kati nene.

Siafu ana tezi kwenye kona ya chini ya nyuma ya kifua, juu ya mguu wa tatu. Majimoto hana, kwa hiyo usidhani umemharibu.

Spiriti ya asilimia 95 ichanganye vipimo 3 kwa kimoja cha maji. Ikiwa kali mno, mdudu hukakamaa na kukatika, na hukatikia palepale kiunoni.